Msiba Hauchekwi

Usiku wa Alhamisi, tarehe 24 Julai 2025, nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Kilosa nikisikiliza redio, mara simu ikalia. Alikuwa mwanangu wa tatu, ambaye anaishi Mikumi na anafanya kazi ya kuziba mapancha kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Baada ya shikamoo na marahaba alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu aletaye habari ya kifo cha nyumbani: "Baba, Hogan amefariki."

Nilimwuliza Hogan ni nani, maana nilidhani ni mmoja wa madereva wa malori aliozoeana nao. Aliponikumbusha kuwa ni yule Mmarekani mcheza mieleka, mwenye masharubu ya manjano na kitambaa kichwani, nilicheka. Tena sikuishia kucheka. Nilimwambia, "Subiri kwanza refa ahesabu mpaka tatu, mwanangu. Huenda akainuka."

Mwanangu hakucheka. Alisema, "Baba, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba msiba hauchekwi." Kisha akaniaga kwa adabu, akakata simu.

Usiku ule sikulala vizuri. Kilichonisumbua hakikuwa kifo cha Hogan, mtu ambaye sikupata kumwona ila katika picha. Kilichonisumbua ni kwamba mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, baba wa watoto, alinipigia simu ili nimpe pole, nami nikampa mzaha. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa miaka mingi kati ya hiyo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Nimesimama makaburini mara nyingi kuliko nilivyosimama mimbarini. Nilijidhani naijua adabu ya msiba. Basi katika kurasa hizi nataka kulipima swali ambalo mwanangu aliniachia bila yeye mwenyewe kuliuliza: Je, mtu anaweza kuwa na huzuni ya kweli kwa ajili ya mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuigiza? Na je, sisi tulio pembeni tuna haki gani ya kumpimia mwenzetu msiba wake, kwamba huu ni mkubwa, huu ni mdogo, na huu si msiba hata kidogo?

Ili msomaji anielewe, sina budi kurudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha Mikumi. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni, kwa sababu matangazo ya kwanza yalianza mwaka 1994, ingawa wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Kilichokuwapo ni mabanda ya video. Mikumi ni mahali pa kupumzikia malori, na palipo na madereva hapakosi chakula, pombe na burudani. Mtu mmoja alijenga banda la mabati, akaweka mabenchi, jenereta, televisheni moja na mashine ya kanda. Kanda zenyewe zilikuwa zimenakiliwa mara nyingi hata picha zikawa zinatetemeka kama watu walio ndani ya maji. Jioni moja ilikuwa ya filamu za Kihindi, nyingine ya karate, na nyingine ya mieleka.

Mwanangu, akiwa na umri wa miaka kumi, aliuza mayai mawili ya kuku wa mama yake ili apate kiingilio. Nilipogundua nilimchapa viboko. Kesho yake nikasimama mstarini mbele ya shule nzima, nikatoa hotuba ambayo wakati ule niliiona ya maana sana. Niliwaambia watoto kwamba wacheza mieleka wale ni waongo, kwamba hupangana mapema nani ashinde, na kwamba anayeanguka hulipwa ili aanguke. Nilisema, "Mnapoteza fedha za wazazi wenu kuwatazama watu wazima wanaodanganyana." Watoto wakubwa walicheka. Mwanangu alisimama katika mstari wa darasa la nne akitazama miguu yake.

Niliyoyasema mstarini yalikuwa kweli. Kwa hakika, wenyewe walikuwa wamekwisha kukiri. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani ilieleza mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba mchezo wao ni burudani na wala si mashindano halisi, ili wasibanwe na sheria na ada za michezo. Lakini mtu anaweza kusema kweli na bado akakosa. Mimi sikuisema kweli ile ili watoto waelimike. Niliisema ili nimshinde mwanangu mbele ya wenzake, naye hakuwa na refa wa kumtetea.

Sasa na tulitazame neno lenyewe: uongo. Ili uongo uwe uongo, yahitajika mambo matatu. Kwanza, awepo anayeijua kweli. Pili, aifiche. Tatu, akusudie mwenzake adanganyike na apate hasara au aende njia asiyoitaka. Likikosekana moja, tafuta jina jingine. Bibi anayewasimulia wajukuu habari za sungura na fisi hasemi uongo. Mchezaji wa ngoma anayevaa manyoya na kunguruma kama simba hasemi uongo. Aliye jukwaani na walio chini yake wamekubaliana, hata kama hakuna aliyeitamka ile ahadi. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi watu wa mieleka walifanya bidii kubwa kuificha siri yao, na hapo walistahili lawama. Lakini tangu siri ilipotoka watu waliendelea kujaza viwanja, wakijua. Hapo huwezi tena kusema wamedanganywa. Kuna kitu kingine walichokuwa wakikifuata.

Kitu hicho sisi watu wa Morogoro tunakijua kwa jina jingine. Tuna utani. Wasagara, Wakaguru, Waluguru, Wavidunda, kila kabila lina watani wake, na hapana mahali utani unapoonekana kwa ukamilifu kama msibani. Nilipomzika baba yangu, mtani wetu mmoja aliingia kaburini kabla ya maiti kushushwa, akalala chali, akasema kaburi ni lake na hatoki mpaka alipwe. Akaanza kukohoa kama alivyokuwa akikohoa marehemu, kikohozi kilekile cha tumbaku tulichokisikia alfajiri kwa miaka arobaini. Mama yangu, ambaye kwa siku mbili hakuwa amefungua kinywa, alicheka mpaka akashikwa mkono asianguke, na baada ya kucheka ndipo machozi yakamtoka. Tukamlipa mtani yule, akatoka. Na ni yeye huyohuyo aliyekuwa ameshika jembe tangu asubuhi kulichimba lile kaburi, na ni yeye aliyempokea baba yangu chini kwa mikono miwili.

Je, yule mtani alikuwa mwongo? Ugomvi wake nasi ulikuwa wa kuigiza, na kila mtu alijua. Lakini jasho lake halikuwa la kuigiza, wala udongo uliokuwa mgongoni mwake. Kwa njia ya ugomvi ule wa bandia alitufanyia kazi ambayo ndugu wa damu hawakuweza kuifanya. Nimelifikiri jambo hili kwa siku nyingi, nami naona kwamba mieleka ile ya ulingoni ni jamaa ya karibu ya utani. Watu wawili wanajifanya maadui mbele ya umati ili umati upate mahali pa kuweka hasira yake, hofu yake na matumaini yake, kisha kila mtu arudi nyumbani akiwa mwepesi. Wanaotazama wanajua. Na pamoja na kujua, wanahitaji.

Wala si lazima twende mpaka Marekani kutafuta ushahidi kwamba mwigizaji huliliwa kwa machozi halisi. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, maelfu kwa maelfu ya watu walifurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumuaga. Wengi walizimia. Mzee Majuto wa Tanga alipofariki Agosti 2018, nchi nzima ilisikitika, nami pia nilisikitika, ingawa kila nilichokijua juu yake ni vituko vyake vya kuchekesha. Hakuna aliyeniambia siku ile, "Mwalimu, unalia nini, yule alikuwa anaigiza tu." Basi kwa nini nilimwambia mwanangu hivyo? Jibu halinipendezi, lakini ni hili: Majuto alikuwa wa kwangu, na Hogan hakuwa wa kwangu. Nilimpimia mwanangu msiba kwa kipimo changu.

Baadaye nilimwomba mwanangu anieleze habari za watu wale, naye alinitajia waliokufa katika miaka hii michache kama mtu anayetaja majina ya ukoo. Kamala, mwaka 2020. Antonio Inoki wa Japani, mwaka 2022. Iron Sheik, Mwirani, na Bray Wyatt aliyekuwa na miaka 36 tu, wote mwaka 2023. Sabu, Mei 2025. Kisha Hogan, ambaye jina lake halisi lilikuwa Terry Bollea, aliyekufa huko Florida akiwa na miaka 71. Inoki huyo mimi nilikuwa namjua bila kujua kwamba namjua, kwani ndiye aliyepambana na Muhammad Ali mjini Tokyo mwaka 1976, akawa analala chini na kumpiga Ali mateke ya miguu kwa raundi kumi na tano, hata pambano likaisha sare. Miaka kumi na minne baadaye, akiwa mbunge wa nchi yake, alikwenda Iraki na kusaidia kuwatoa Wajapani waliokuwa wamezuiliwa na serikali ya Saddam Hussein. Watu waliotoka kule walirudi kwa wake zao na watoto wao kwa kweli, si kwa kuigiza.

Lakini aliyenigusa kuliko wote ni Kamala. Huyu ulingoni alitambulishwa kuwa ni jitu la Uganda, mla watu, aliyepata kuwa mlinzi wa Idi Amin. Alipakwa rangi usoni na tumboni, akavalishwa kaniki kiunoni, akatembea pekupeku, wala hakuruhusiwa kusema neno linaloeleweka. Alitanguliwa na mtu aliyevaa kofia ya kikoloni, kana kwamba ni mnyama aliyefugwa. Nilipoambiwa hayo nilikasirika. Mimi ni wa kizazi kilichowasindikiza vijana wetu waliokwenda vitani baada ya Amin kuivamia Kagera mwaka 1978, na tunajua kilichowapata Waganda kabla na baada ya hapo. Na hapo, mwaka 1982, damu haijakauka vizuri, mtu anabuniwa mjini Memphis ili Wamarekani wachekeshwe na kutishwa na Mwafrika mshenzi!

Kisha mwanangu akaniambia yaliyobaki. Mtu yule hakuwa Mganda. Aliitwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi mwaka 1950, mtoto mweusi wa familia maskini katika jimbo ambalo maskini weusi walionja kila aina ya dharau. Mieleka ilipomwishia alipata kuendesha malori, kazi ya hawahawa wateja wa mwanangu. Kisukari kilimkata mguu wa kushoto mwaka 2011 na wa kulia mwaka 2012. Agosti 2020 alikufa kwa maradhi ya korona. Katika uzee wake aliongea sana, yeye ambaye kwa miaka yote ile alikuwa ameagizwa kunguruma tu, na alilalamika kwamba hakulipwa kama walivyolipwa wengine.

Basi nauliza: huyu tumlilie au tumlaumu? Aliuza sura yetu, ni kweli. Lakini fedha nyingi za mauzo zilikwenda kwa nani? Na kama mtoto wa maskini hapa Kilosa angeambiwa, "Vaa ngozi, nguruma, utalisha wanao," ni wangapi kati yetu wangekataa? Sisemi kwamba alifanya vema. Nasema tu kwamba katika mchezo ule yeye alikuwa wa kwanza kudharauliwa, kabla yetu. Sikuweza kuendelea kumkasirikia.

Jambo la pili lililonibadilisha mawazo ni hili la kuanguka. Mimi niliwaambia watoto kwamba anayeanguka amelipwa aanguke, kana kwamba kuanguka kwa malipo hakuumizi. Mwaka 1987, katika uwanja mmoja karibu na Detroit, Hogan alimwinua na kumbwaga Andre, jitu la Kifaransa lililotangazwa kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 230. Picha ile ndiyo iliyomfanya mwanangu auze mayai. Lakini mtu wa uzito huo hainuliwi asipotaka. Andre alikuwa mgonjwa, mgongo wake umefanyiwa upasuaji, na bado alikubali ainuliwe na kubwagwa ili mwingine apokee utukufu. Alikufa mwaka 1993 akiwa na miaka 46. Kuna mshindi na kuna mshindwa katika hadithi, lakini sakafu haijui hadithi. Inawapiga wote wawili.

Na iko siku ambayo hata hadithi ilikatika. Tarehe 23 Mei 1999, mjini Kansas City, Owen Hart, mwenye miaka 34, alikuwa ateremshwe ulingoni kwa kamba kutoka darini kama sehemu ya maonyesho. Kifaa kikafyatuka. Alianguka zaidi ya mita ishirini mbele ya watu waliolipa viingilio. Wengine walidhani ni sehemu ya mchezo. Alichukuliwa, akafa, na maonyesho yakaendelea. Wenzake walipanda kwenye ulingo uleule aliouangukia, wakaendelea kuangushana. Niliposikia hayo nilikumbuka maneno yangu kwa mwanangu juu ya refa kuhesabu mpaka tatu, nikaona haya. Waliokuwa uwanjani siku ile walikuwa na udhuru, kwa sababu hawakujua. Mimi nilikuwa nimeambiwa waziwazi kwamba mtu amekufa.

Pengine mtu atasema: mwalimu, kama mieleka ya kuigiza inaua, basi afadhali wapigane kwa kweli. Sidhani. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Robert Wangila, Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika ngumi, huko Seoul mwaka 1988. Akaingia ngumi za kulipwa. Mwezi Julai 1994 alipigana Las Vegas, pambano halisi lisilo na mapatano yoyote, akaumia ubongo, akafa siku mbili baadaye, tarehe 24 Julai, akiwa na miaka 26. Tarehe hiyohiyo ndiyo aliyokufa Hogan miaka thelathini na moja baadaye. Aliyepigana kwa kweli na aliyepigana kwa mapatano, wote walikuwa wakiuza kitu kimoja, yaani miili yao. Na wanunuzi tulikuwa sisi. Shilingi za mayai yale mawili zilikuwa ndogo mno kufika Marekani, lakini zilikwenda upande huohuo zilikokwenda fedha nyingine zote. Kama kuna lawama, haiwezi kuishia kwa aliye ulingoni. Aliyekaa kwenye benchi naye ana fungu lake, na walau jambo dogo analoweza kulipa ni kuvua kofia jeneza linapopita.

Limebaki swali gumu kuliko yote, nalo sitaki kulikwepa. Mwaka 2015 yalitoka hadharani maneno ambayo Hogan alikuwa ameyasema faraghani miaka ya nyuma, ya kuwadharau watu weusi, akilitumia tusi lile waliloitwa tangu enzi za utumwa. Kampuni yake ilimwondoa katika orodha ya mashujaa wake, akaomba radhi, na mwaka 2018 akarudishwa. Wengi hawakuridhika, na Januari 2025 alipojitokeza ulingoni karibu na Los Angeles alizomewa. Ina maana kwamba yule mtu ambaye mtoto mweusi wa Mikumi aliuza mayai ili amtazame, huenda asingependa mtoto huyo akae karibu naye.

Wahenga wetu wanatukataza kumsema marehemu kwa ubaya. Lakini mila zetu hazituamrishi kudanganya. Kwenye mazishi yetu, kwa Wakristo na kwa Waislamu, msemaji wa familia husimama na kusema: kama kuna mtu anayemdai marehemu, ajitokeze. Desturi hii ni ya hekima sana. Hatusemi marehemu hakuwa na madeni. Tunayataja mbele ya watu, yanaandikwa, yanalipwa au yanasamehewa, na ndipo mtu anazikwa. Kumzika hakufuti deni, na deni halizuii kuzika. Kwa hiyo nadhani inawezekana kumlilia mtu na kumdai kwa wakati mmoja. Sisi wazazi tunalijua hili kwa sababu ndivyo wengi wetu tutakavyozikwa na watoto wetu.

Jumapili iliyofuata nilipanda gari kwenda Mikumi kwa njia ya Ulaya, yaani Ulaya yetu hii ya wilayani Kilosa, si ile ya Wazungu. Nilimkuta mwanangu chini ya mwembe wake, amelaza gurudumu la lori, mikono imejaa oili. Nilimwambia, "Nimekuja kukupa pole kwa msiba." Aliniangalia aone kama natania. Alipoona sitanii, akanifutia benchi, akasema, "Nimeshapoa, baba."

Nilimwuliza juu ya yale maneno ya mwaka 2015, kama alikuwa akiyajua. Alisema aliyajua siku yalipotoka, kwa sababu madereva hawaachi kuleta habari. Nikamwuliza, "Ulimsamehe?" Akafikiri kidogo, akisukuma bomba la pampu kwa mguu. "Hapana," akasema. "Namdai. Lakini nilipokuwa na miaka kumi alinipa nguvu, na hiyo nayo siwezi kuikana."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alinikumbusha kwamba alipokuwa mdogo zaidi, kabla ya habari za banda la video, nilikuwa nikishindana naye mieleka jioni kwenye mkeka, nami kila mara nilikuwa nikianguka na yeye akinikalia kifuani. Nilikuwa nimesahau kabisa. Akasema, "Na wewe ulikuwa unaanguka makusudi, baba. Nilijua." Nilimwuliza alijuaje. "Mkono wako ulikuwa unatangulia chini kabla sijakusukuma." Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alikuwa akishangilia vile hata majirani wakachungulia. Akainama kwenye gurudumu lake, akasema, "Kwa sababu hukuwa unamwangukia mtu mwingine."

Nilikaa pale mpaka jua lilipopungua ukali. Malori yalipita, na tukaongea habari nyingine za nyumbani.

Msomaji wangu, sijui kama nimelijibu lile swali langu kwa ukamilifu. Nimejifunza mambo machache tu. Kwamba si kila kinachoigizwa ni uongo, na kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kuanguka ili wengine wapate moyo wa kusimama, nao huumia kama sisi. Kwamba tunaweza kumzika mtu bila kuficha deni lake. Na kwamba mtu akikuletea msiba wake, hata uwe wa mtu usiyemjua, hata uwe wa mbwa au wa mti alioupanda, mpe pole kwanza. Maswali yanaweza kusubiri siku ya tatu. Mimi nilianza na mzaha, na ilinibidi nisafiri mpaka Mikumi kuurudisha.